Ratili Thelathini kwa Inchi Ishirini na Sita

Machi 1

Mvua imeanza leo asubuhi, na mdogo wangu ameshindwa kuinua pasi. Nayaandika pamoja kwa sababu yametokea pamoja, si kwa sababu la kwanza limezaa la pili. Nimewachana watu gazetini miaka ishirini kwa kosa hilo hilo la hoja. Sitalifanya hapa kwenye daftari ambako hakuna wa kunijibu.

Alikuwa chumba cha mbele, ambacho ndicho duka lake la ushonaji, ananyoosha kola ya shati la mteja. Pasi yake ni ya chuma, nzito kama dhambi. Ilipofika usawa wa kifua mkono wa kulia ukagoma, pasi ikarudi mezani kwa kishindo, nami nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nini?"

"Bega."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Usianze, dada."

"Sijaanza."

"Nyusi zako zimeanza."

Ni upinde. Tangu mwaka jana amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, na kila jioni yuko uani anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Upinde huo alitengenezewa na fundi wa klabu, mwanamume wa makamo ambaye wote humwita Kimya, na wamemwita vizuri. Huyo Kimya siku hizi anamtazama mdogo wangu kama seremala anavyotazama ubao usio na fundo. Na mdogo wangu, ambaye mumewe aliondoka miaka saba iliyopita bila hata kufunga mlango, anajifanya haoni.

Simwamini mtu asiyesema. Mtu anayesema uongo unaweza kumkamata. Anayenyamaza unamkamata wapi?

Machi 3

Daktari amembonyeza, amemzungusha, amemuuliza kazi yake. Aliposikia "mshonaji" akaacha kuandika. Huenda kano ya bega imechanika. Kama imechanika, ni kisu, na hata baada ya kisu huenda mkono usipande tena juu ya sikio. Picha ya kuthibitisha itapigwa Aprili 20. Foleni ni ndefu na mashine ni moja. Hadi siku hiyo mkono ukae kwenye kitambaa, shingoni.

Tukarudi kwa miguu. Mwavuli nilishika mimi, nikamwagia maji yote yeye.

Machi 7

Jumamosi, siku ya klabu. Nimekwenda.

Ni banda refu la mabati, mvua inalipiga kama watu wanaomwaga kokoto. Mwisho wa banda kuna marobota ya majani makavu yaliyobandikwa karatasi za shabaha. Wanachama kumi na watano hivi, wengi wafupi wafupi, wenye adabu, wa kunisalimia kwa mikono miwili kwa sababu wanasoma safu yangu na wanaogopa kuingia humo. Kona ya kushoto kuna meza ya fundi: jiko la gundi, randa, vipande vya mbao vilivyokazwa kwa vibano, na Kimya mwenyewe, anakwangua upinde kwa kipande cha kioo, polepole, kama anayenyoa mtoto.

Nilikwenda nimejiandaa. Nimeazima vitabu vitatu maktaba, nimesoma jinsi majeshi ya wapiga upinde yalivyoangusha wapanda farasi, jinsi wafalme walivyolazimisha raia wafanye mazoezi. Sura ya vipimo niliiruka, kwa kuwa vipimo havibishaniwi. Lakini jambo la msingi nimelielewa: uzito wa upinde si uzito wa kuubeba. Upinde wenyewe mwepesi, hata mtoto anaubeba. Uzito unaotajwa ni nguvu unayohitaji kuvuta uzi mpaka mwisho, na hupimwa kwa ratili, moja karibu nusu kilo. Upinde wa ratili ishirini ni wa anayeanza. Wa hamsini ni wa dume lenye mabega ya mlango.

"Upinde wa mdogo wangu una ratili ngapi?" nikamuuliza, bila salamu.

"Thelathini," akasema. "Kwa..."

"Sijauliza kwa nani. Thelathini. Una hakika?"

Alinitazama. Akafuta kioo kwenye aproni. "Imeandikwa kwenye upinde."

"Mambo mengi yameandikwa mahali, fundi. Mimi naishi kwa kuyaandika, najua."

Akarudi kukwangua. Watu wote bandani wakawa wanakagua mishale yao kwa bidii isiyo ya kawaida.

Machi 9

Mvua. Mdogo wangu amejaribu kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Suruali ya karani wa benki imepata mguu mmoja mpana.

Machi 12

Nimemkamata.

Muuza nyama wa kona ana mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza. Nimemwomba aniazime.

"Mizani yangu haijawahi kusema uongo, mama," akasema.

"Wewe ndiye pekee unayeamini hivyo hapa mtaani."

"Basi mbona unaiazima?"

"Kwa sababu uongo wako naujua ni wa kiasi gani. Ukifungua duka unaweka jiwe la kilo mbili, inasoma kilo mbili. Ukianza kuuza ndipo kidole chako kinapanda." Alicheka mpaka akashika kaunta. Nikaijaribu kwa jiwe lake mbele yake: sawasawa.

Nyumbani nikaifunga kwenye boriti ya ukumbini, nikatundika uzi wa upinde kwenye ndoano, nikaweka mshale wa mdogo wangu mahali pake, nikavuta upinde chini mpaka ncha ya mshale ikafika kwenye mbao ya upinde. Kilo kumi na saba na kitu. Nimerudia mara sita. Nikazigeuza ziwe ratili: thelathini na nane.

Thelathini na nane! Sehemu ya chini ya upinde imechomwa kwa chuma cha moto, kwa mwandiko nadhifu wa mtu anayejipenda: 30–26. Thelathini ndiyo hiyo anayodai. Ishirini na sita sijui, labda ni upinde wake wa ishirini na sita. Yaani amewaumiza na wengine ishirini na watano kabla.

Ratili nane za uongo. Chukua ratili nane, zidisha kwa mishale mia kwa siku, zidisha kwa miezi saba, halafu niulize kwa nini bega la mshonaji limekufa.

Machi 14

Nimepeleka barua klabuni. Kurasa tatu. Nimetaka fundi afukuzwe na pinde zake zote ziondolewe bandani. Mwenyekiti ni mpeleka barua mstaafu, mtu mdogo, msafi, aliyebeba barua za watu miaka thelathini na hii yangu akaishika kama inayovuja.

"Dada yangu," akasema, "haiwezekani mkakaa, mkaongea?"

"Nimekaa. Nimeongea. Yeye ndiye hakuongea."

"Basi kanuni zinataka wiki sita kabla ya kumwondoa mwanachama. Itakuwa Aprili 25." Akashusha sauti. "Na gazetini?"

"Gazeti litasubiri mkutano. Mimi ni mtu wa haki."

Alishusha pumzi kana kwamba nimemsamehe yeye.

Machi 15

Mdogo wangu amepata habari. Mpeleka barua ni mpeleka barua, hata akistaafu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, kelele nazijua, nazimudu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mkono shingoni, akaniambia taratibu:

"Ulinisikia nikilalamika?"

"Hukuhitaji kulalamika. Nimepima."

"Umepima upinde. Mimi umeniuliza?"

"Nakulinda."

"Unanilinda kama kuku anavyolinda yai, dada. Umelikalia." Akasimama. "Sikiliza. Ukimtoa pale, hatoki peke yake. Nitafunga cherehani yangu kwenye mkokoteni, niondoke naye. Sikutishi. Nakuambia mapema tu, upate muda wa kutafuta mpangaji."

Ni nyumba ya wazazi wetu. Nimelala chumba kimoja naye tangu akiwa wa miaka mitatu, akinipiga mateke. Mpangaji!

Machi 19

Mvua. Hatusemezani.

Machi 20

Mvua. Amesema "chumvi", akimaanisha nimsogezee. Ni maendeleo.

Machi 22

Kimya amekuja nyumbani. Nilifungua mlango mimi, maji yanamtiririka kichwani, amebeba kamba, gurudumu dogo la chuma na mfuko wa mchanga.

"Shikamoo," akasema.

"Umenizidi miaka miwili, shikamoo ya nini?"

"Ya nyumba," akasema, akapita.

Alifanya kazi saa mbili bila neno. Alifunga gurudumu kwenye boriti juu ya meza ya kushonea, akapitisha kamba, upande mmoja akafunga pasi, upande mwingine mfuko wa mchanga, akawa anapunguza na kuongeza mchanga kwa kijiko. Kijiko, pasi ikazama. Kijiko kingine, ikapanda. Mwishowe pasi ikabaki inaelea juu ya meza, haipandi haishuki. Mdogo wangu aliigusa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, ikateremka kwenye kola kama unyoya.

Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mvua ianze.

Nilimfuata fundi mlangoni. "Barua yangu umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Huna la kujitetea?"

"Nitasema siku ya mkutano."

"Utasema nini?"

Alifikiri muda wa kuchemsha chai. "Jinsi ilivyo."

Mtu akipigwa shutuma ya kurasa tatu akaleta gurudumu, ama ana hatia ama ni mjinga. Nimeandika sentensi hii mara mbili na mara zote mbili sikuipenda. Naiacha.

Machi 27

Bomba la paa limeziba. Ndoo nne ukumbini. Pasi bado inaelea.

Aprili 4

Nimekwenda klabuni na mizani kukusanya ushahidi zaidi. Barua moja yenye mfano mmoja ni porojo. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo kuhusu waziri.

Upinde wa mwenyekiti umechomwa 28–26. Ishirini na sita tena, kwa hiyo si idadi ya pinde alizotengeneza. Labda ni alama yake ya fundi. Nikatundika, nikaweka mshale wa mwenyekiti, nikavuta mpaka ncha. Nilitegemea thelathini na sita. Ikasoma ishirini na sita.

Pungufu!

"Vipi?" akauliza mwenyekiti, anainuka kwenye vidole aone.

"Unaibiwa ratili mbili."

"Mimi naziona zinanitosha."

Nikapima wa mwanamama mmoja mpishi: pungufu moja. Wa kijana wa duka la rangi: sawa. Basi huyu fundi si mwongo tu, hana hata mpango katika uongo wake. Kimya alikuwa pale pale mezani kwake, anatazama, ameshika kioo chake. Mara moja alifungua mdomo. Nikamwambia, "Siku ya mkutano, fundi. Si ulisema?" Akaufunga.

Nimerudi nyumbani na takwimu zisizokubaliana. Takwimu zisizokubaliana humaanisha mambo mawili: anayepimwa ni mbovu, au anayepima. Nimechagua la kwanza, kwa uzoefu.

Aprili 10

Jioni umeme umekatika tukakaa na taa ya mafuta, hana cha kushona, sina cha kusoma. Tukaongea, kwa mara ya kwanza tangu neno "chumvi".

"Kwa nini humpendi?" akauliza.

"Hasemi."

"Yule wa kwanza alisema."

"Usinikumbushe."

"Lazima nikukumbushe, maana ulimpenda wewe kuliko mimi. Kila akija mnabishana siasa mpaka chai inapoa. Nilidhani mtaoana nyinyi." Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anacheka. "Ulisema: mwanamume mwenye hoja hawezi kukuacha. Aliniacha kwa hoja nzuri sana, dada. Zilikuwa saba. Alizihesabu kwa vidole."

Nikapunguza utambi wa taa. Naandika hapa kwamba nimeshindwa hoja, kwa kuwa ni tukio la nadra na linastahili tarehe.

Aprili 15

Mvua kubwa. Mkutano ni baada ya siku kumi. Mdogo wangu ameanza kuweka vifungo kwenye makopo, rangi kwa rangi, kama mtu anayepanga kuhama.

Aprili 20

Haijachanika.

Haijachanika, haijachanika! Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akazungusha kalamu kwenye kivuli fulani ambacho mimi nakiona kama ramani ya bonde, akasema kano imevimba, imechoka, imechukia, lakini ni nzima. Hakuna kisu. Mazoezi mepesi, kazi kidogo kidogo, na baada ya siku kumi anaweza hata kushika upinde, mradi uwe mwepesi.

"Alikuwa anavuta kuliko uwezo wake," daktari akasema. "Tena nadhani uzito ulipanda polepole, bega halikupata muda."

"Upinde haupandi uzito, daktari," nikasema. "Ni mbao."

"Mimi nasema bega linavyosema, mama."

Mdogo wangu alilia kidogo, kwa adabu, kwenye leso ya mteja. Kimya alikuwa amekaa kwenye benchi ya ukumbi wa hospitali. Sijui nani alimwambia, au najua. Aliposikia, aliinama kufunga kamba za viatu. Akazifunga. Akazifungua. Akazifunga tena. Niliona mgongo wake unavyopanda na kushuka, nikatazama pembeni, kwani si kila kitu ni cha kuandikiwa safu.

Nimelala mchana leo kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Aprili 24

Nitaandika hili kwa mpangilio.

Kesho ndio mkutano. Mchana mdogo wangu aliniambia nivue koti langu la mikutano, mikono yake ni mifupi, inanifanya nionekane nimelikopa. Nikadhani ni suluhu. Labda ilikuwa. Alinipima kwa futikamba, anatumia mkono wa kulia taratibu kama mtu anayejaribu daraja.

"Kila mara nasahau," akasema, sindano midomoni. "Inchi tatu zaidi ya watu. Mikono ya marehemu baba. Mbu akikuuma kifundo cha mguu huinami."

"Yako pia?"

"Tumetoka tumbo moja, dada."

Inchi. Sijui kwa nini neno hilo lilinigeuza kichwa. Upinde wake ulikuwa ukutani, pale ulipokuwa wiki saba. 30–26.

"Hii ishirini na sita," nikasema, "ni alama ya fundi?"

Alitoa sindano midomoni. "Inchi. Ratili thelathini ukivuta inchi ishirini na sita. Watu wengi pale huvuta hapo hapo. Mimi pia alinipima hivyo mwezi wa kwanza."

"Na leo unavuta ngapi?"

Akaitazama futikamba mkononi. Halafu, kama mtoto aliyekutwa kabatini: "Zaidi. Mwanzoni nilikuwa nimejikunja, naogopa uzi. Nilipojifunza kufungua mabega mkono ukaenda nyuma wenyewe. Mishale yangu ikawa mifupi, inadondoka. Nikachukua mirefu kwenye sanduku la zamani bandani. Sikumwambia. Nilitaka aone tu siku moja nimeweza." Akakunja futikamba. "Kwani ilikuwa vibaya?"

Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili kama anayepaa. Kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi sabini na tatu. Nikatoa kitabu cha maktaba, kile ambacho kimechelewa kurudishwa, nikafungua sura niliyoiruka. Ilikuwa kurasa nne tu. Gawanya urefu huo kwa mbili na nusu, unapata mvuto wa mtu. Ishirini na tisa. Na kila inchi unayovuta zaidi inaongeza ratili mbili na nusu au zaidi, kwa kuwa upinde kadiri unavyokunjwa ndivyo unavyokataa. Upinde hauna uzito mmoja. Una uzito kwa kila mkono unaoushika.

Nikachukua mizani. Mshale nilioutumia mwanzoni ulikuwa ule mrefu wa sandukuni, inchi ishirini na tisa, na kwa mwenyekiti nilitumia mshale wake mfupi kama yeye. Nikaweka alama ya chaki kwenye mshale, inchi ishirini na sita, nikavuta mpaka chaki.

Ratili thelathini. Si moja zaidi, si moja pungufu. Yule mtu amechoma ukweli kwenye mbao na mimi nikausoma nusu.

"Kwa..." alisema siku ile ya kwanza. Kwa inchi ishirini na sita. Nami nikamkatiza kwa mzaha.

Kadiri mdogo wangu alivyojifunza vizuri, ndivyo upinde ulivyozidi kuwa mzito, na hakuna aliyempima tena. Daktari alisikia kwenye bega. Mimi sikusikia kwenye mdomo wa fundi.

Nilikaa sakafuni ukumbini, katikati ya ndoo.

"Dada," akasema mdogo wangu. "Nyusi zako zimeshuka. Unaumwa?"

Aprili 25

Wote walikuja. Hata wale ambao hawaji mvua ikinyesha. Walitegemea vita, na mimi ndiye mwenye sifa ya kuvileta. Mwenyekiti alikuwa ameweka meza mbele, barua yangu juu yake, na glasi ya maji ambayo alikunywa yeye mwenyewe.

Fundi alipewa nafasi kwanza. Alisimama, akashika aproni.

"Upinde ni thelathini kwa ishirini na sita," akasema. "Lakini nilipaswa kumpima tena. Alikuwa anakua katika kuvuta, sikuangalia. Kosa ni langu. Kama ni kutoka, natoka." Akaketi. Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

Mdogo wangu akasimama nusu. Nikamwekea mkono begani, lile zima, nikamshusha. Nikaomba nafasi.

"Mwenyekiti," nikasema, "nimesoma barua iliyo mbele yako. Sijawahi kusoma barua mbovu kama hii."

Mwenyekiti akaitazama barua, akanitazama. "Dada yangu... hii ni ya kwako."

"Naifahamu. Namfahamu na mwandishi. Ni mtu aliyesoma vitabu vitatu akaruka kurasa nne. Alipima upinde kwa mshale wa inchi ishirini na tisa, akalinganisha na namba ya inchi ishirini na sita, halafu akamwita mwenzake mwongo. Alipopata vipimo vinavyompinga hapa hapa bandani, akasema vipimo ndivyo vibovu. Aliuliza swali, akajibiwa neno la kwanza, la pili akalikata. Mtu wa namna hii, mwenyekiti, akipewa kalamu ni hatari kuliko akipewa upinde."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwambie!" Halafu akajikumbuka, akaziba mdomo. Mpishi alikuwa anacheka machozi.

"Kwa hiyo," akasema mwenyekiti kwa uangalifu mkubwa, "unapinga barua?"

"Naichana. Na la pili: fundi anasema kosa ni lake kwa kutompima tena. Ni robo lake. Robo ni la mdogo wangu aliyechukua mishale mirefu kwa siri ili amfurahishe mtu."

Kicheko kikajaa bandani. Mdogo wangu akaficha uso, na Kimya, naapa, akawa mwekundu kama tofali.

"Nusu inayobaki ni yangu. Si ya bega; bega liliumia kabla sijaja. Ni ya wiki sita alizokaa mtu huyu na jina la mwongo, akaja nyumbani kwangu kutundika pasi. Fundi, nisamehe."

Alifikiri. Mvua ilipiga mabati. Nilijua sasa kwamba kufikiri kwake si kuficha, ni kupima.

"Tayari," akasema.

Imepitishwa bila kupingwa: futikamba itundikwe mlangoni, na kila mwanachama apimwe mikono na mvuto kila miezi mitatu, aandikwe kwenye daftari. Mwenyekiti alipimwa wa kwanza. Inchi ishirini na tano. Alisema ni koti linambana.

Barua niliichana pale pale. Kurasa tatu, upana wake na urefu wake.

Aprili 26

Nimeamka nikamkuta mdogo wangu anarudisha vifungo kwenye droo.

Mei 2

Mvua imekuwa manyunyu. Kimya alikuja na upinde mpya wa mdogo wangu, mwembamba, 20–29. Mdogo wangu akavuta mara kumi uani, si zaidi. Fundi alihesabu kwa vidole na ya kumi na moja akauchukua. Bega halikulia.

Baadaye mdogo wangu akaja jikoni. "Tunaoana mvua ikiisha kabisa," akasema, "kama huna barua nyingine."

"Ninayo. Inahusu karamu. Nitaomba wageni wasiwe wengi."

"Na cherehani itabaki hapa. Amesema hawezi kushusha ile pasi, imeshakaa sawa."

Nilikatakata vitunguu vitatu zaidi ya vilivyohitajika, nipate sababu ya macho.

Mei 9

Jua. Watu wametoa magodoro nje mtaa mzima.

Klabuni fundi aliniita mezani kwake, akanipa upinde. Nikageuza sehemu ya chini: 18–29.

"Kumi na nane?" nikasema. "Mimi? Hii ni ya kuchezea paka."

"Anza hapo, shemeji."

Ni mara ya kwanza ameniita hivyo. Nilikuwa na hoja nne tayari. Nikazimeza, nikasimama kwenye mstari, mdogo wangu akanisukuma kiwiko, akaniambia nifungue mabega. Mshale wa kwanza uliingia kwenye robota la majani la jirani yangu. Wa pili pia. Mwenyekiti alihamia mwisho wa banda.

"Kwa umri huu nitafika lini thelathini?" nikamuuliza shemeji yangu.

Nikasubiri. Nikasubiri mpaka mwisho wa jibu, na lilichukua muda.

"Ukiacha kuuliza," akasema. "Labda mwakani. Labda hapana."

Mei 16

Bega la kulia linauma kidogo. Nilivuta mara ishirini badala ya kumi, na sina wa kumlaumu.